Ndege Iliyorudi Nyuma

Ninaandika haya kwa shukrani, ingawa masikio bado yananiwaka.

Mwaka 2008 Bwana Gurdeep, mwenye gereji mjini Nakuru, alinikabidhi ndege yake ya rimoti, yenye mabawa mapana kuliko kitanda changu. Injini yake ya petroli iliwatia kiwewe ndama wa Mama Chebet, ambaye shambani kwake Mau Narok ndiko tulikorushia ndege. "Kelele hiyo ikirudi, nyinyi msirudi," alituambia.

Nikajitolea kuiwekea mota ya umeme. Niliijaribu gerejini bila panga boi, ile feni ya puani inayoivuta ndege, isinikate vidole, nayo ikazunguka kimya kama wazo jema. Nikajiona mhandisi.

Jumapili tukafunga panga boi kulekule shambani. Mama Chebet akaketi nyuma ya ndege na kikombe cha chai. Nikasukuma kijiti cha rimoti. Ndege ikaanza kurudi nyuma, polepole, kwa adabu, hadi mkia ukamgonga goti na chai ikamwagika.

"Hewa ya huku juu ni nyepesi, mama," nikaeleza kama profesa.

Bwana Gurdeep akaona mota inazunguka kinyume. Akainama, akabadilisha nafasi za nyaya mbili, na ndege ikapaa. Ndama hawakuinua hata kichwa.

"Nyaya zilipishana. Kosa langu, mama," akadanganya mzee yule, Mungu ambariki.

Mama Chebet alicheka hadi akafuta machozi, na Bwana Gurdeep naye akacheka. "Rudini hata kesho. Lakini kijana, ni wewe uliyezifunga, si ndiyo? Hapa tunacheka wote isipokuwa wewe."