Kurasa Themanini za Liwa

Rabiata wa Tanambao, Mahajanga, huku kwetu Madagaska, alikuwa mwaka wa sita akisomea udaktari wa sanaa Ufaransa, na alichokichagua ni liwa, rojo ya msandali: yale maua na vitone wanavyojichora wanawake wetu usoni. Kurasa mia tatu kaandika! Mwenyewe liwa hajapaka hata siku moja. Eti inamwasha.

Mwaka 1998, zimebaki wiki tatu apeleke tasnifu, alirudi, akavuka hadi kisiwa cha Nosy Be, kwa Koko Sittina wa Marodoka. Koko ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu ni mama wa mama yake. Alitaka picha yake moja tu. Kurasa themanini za tasnifu ziliingojea, zikisema vitone vyeupe mashavuni ni alama ya mjane, ni machozi ya mwanamke wa pwani. Profesa wake alipozisoma, nusura alie.

Koko Sittina, aliyefiwa na mumewe miezi miwili nyuma, alimpokea uso mtupu kama sahani iliyooshwa.

"Koko, mbona hujapaka liwa? Si mjane wewe?"

"Niko eda, weye! Mjane gani anajipamba? Mamako hakukufunza?"

Rabiata akamwonyesha picha ya kale aliyoitegemea: mwanamke mwenye vitone, amenuna.

"Huyu bibi harusi," alisema Koko. "Amesimamishwa juani, ndiyo maana kanuna."

Kurasa themanini hizo, zinaondoka.

"Basi paka kidogo tu, Koko. Humu ndani nani atakuona?"

"Aliyemchukua mume wangu."

Rabiata angeweza kunyamaza, profesa angejuaje? Lakini Koko alikwisha msukumia jiwe na kipande cha msandali. "Saga. Hujui kusaga, unaandika nini?"

Alisaga mpaka eda ikaisha, na tarehe ya tasnifu ikampita. Koko alipotoka eda, alimchora mjukuu wake vitone vyote, mwenyewe akakataa picha. "Uso unao. Jipige."

Mwaka uliofuata, mbele ya maprofesa, zile themanini zilikuwa kurasa nne na picha moja: uso umejaa liwa, mdomo umepinda kwa kuwashwa. Profesa aliitazama picha, akamtazama Rabiata aliyekaa mbele yake, akairudia picha.

"Huyu mama wa kisiwani," akauliza, "anajua kusoma?"

"Anajifunza," alisema Rabiata.

Wakampa udaktari wake.