Filamu Isiyofika kwa Wazazi

Jumamosi alasiri, katika banda la video mjini Kitale, nilitazama filamu ya mapenzi iliyopambwa kwa mapazia mekundu na mvua kwenye vioo vya madirisha. Kwa saa mbili wapenzi wawili walitazamana tu. Ilinichosha kama shairi lenye vina kamili lisilosema neno.

Mbele yangu dada mmoja alimgeukia mpenzi wake. “Ati huyu ataenda kwa kina msichana lini, aonane na wazee?”

“Si ni filamu tu, bana.”

“Na wewe? Mwaka wa tatu huu. Baba huniuliza kila Krismasi.”

Kijana aliinamia viatu vyake. Dada akachukua mkoba. “Mimi narudi Bungoma. Usinifuate bila wazee wenu.”

Kijana alibaki, akaninong’oneza kwamba anataka kujua kama wale wawili wa filamuni wataoana.