Kufuli kwenye Vali ya Hewa

Wewe ungeuweka mkono wako chini ya tani sitini za chuma kwa sababu tu meneja amekwambia hakuna neno?

Mishi wa Mwabungo alikuwa akiuweka, mara mia sita kwa siku, katika karakana yetu ya makarai pale Ukunda. Alitandika bati, akakanyaga pedali, kichwa cha presi, mashine ya kukandamizia bati, kikashuka, kisha akaingiza mkono na kulitoa karai. Presi hiyo ilikuwa imeshamla mwenzetu Chome vidole vitatu. Baada ya Chome tuligoma siku mbili, na Bwana Sanga, meneja wetu, akakubali kuleta klachi na breki za hewa. Hiyo ilikuwa 1998. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi mwaka uliotangulia, nikapewa nyaya za vitufe viwili vya kushika mahali pa pedali. Kazi yenyewe alipewa Mzee Kaloki.

Kaloki alikuwa Mkamba wa Shimba Hills, mtoto wa mtu aliyehamia huko kutoka Kitui alipogawiwa shamba. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha sukari, hadi kilipofungwa. Tangu hapo alilima mahindi, akagombana na ndovu, na kuteremka pwani alipoitwa na mashine iliyowashinda wengine. Tabia yake moja iliwaudhi mameneja: mashine aliyokuwa akiifunga aliitia kufuli yake mwenyewe kwenye vali ya hewa, na ufunguo ukakaa shingoni mwake mpaka aridhike.

Siku ya tatu, asubuhi, aliridhika nusu. Hewa ikiingia, klachi ilikamata na kichwa kikashuka. Hewa ikitoka, springi zilikaza breki na kichwa kikasimama juu. Aliutia mhimili alama ya chaki na kuijaribu presi mara ishirini. Kila mara alama ilisimama palepale. Ila breki mpya ilipiga kelele kama mbuzi wa Kinango sokoni.

"Itanyamaza yenyewe ikizoea," alisema, akaenda kula.

Tuliporudi, kelele ilikuwa imekwisha. Kaloki hakufurahi. Akabonyeza vitufe viwili, akaachia. Alama ya chaki ikapita mahali pake kwa vidole vinne. Akajaribu tena. Vidole sita.

Alitoa maji yaliyojikusanya ndani ya tangi la kompresa. Akafungua vali ya kutolea hewa, akaipuliza, akairudisha. Vidole saba. Jasho lilimtoka. Hatimaye akaingiza pua kwenye wavu wa breki, akanusa.

"Nani anapika wali hapa?"

Mishi akajishika mdomo. "Shikamoo mzee, ni mimi. Ilikuwa inalia, nikaitia mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa. Nyumbani kitu kikilia twakipaka."

"Marahaba mwanangu. Nyinyi Wadigo hata mume akinuna mwampaka nazi?"

"Akinuna sana."

Tulicheka, lakini Kaloki alicheka kidogo tu. "Breki kazi yake ni kukamata, mama. Ukiitia mafuta inateleza. Na lainingi, hivi vipande vya kukamatia, ikishakunywa mafuta haioshiki. Lazima zibandikwe nyingine. Naenda Mombasa sasa hivi."

Bwana Sanga alikuwa amesimama nyuma yetu. "Lori la makarai linakuja kesho saa nne. Breki inasimamisha, haisimamishi?"

"Inasimamisha itakapo yenyewe."

"Basi Mishi ataangalia. Si ndiye aliyeiharibu? Kesho atafanya kazi, au akakae kwao Mwabungo. Watu wa kazi wako wengi."

Nilichemka. Nilimwambia kwamba kosa la Mishi ni la mtu asiyefundishwa, bali lake yeye ni la mtu anayejua. Akaniambia nikafundishe shuleni. Kaloki aliiendea presi. Alifunga vali, akatia kufuli, akazifungua lainingi moja moja —

"Wacha hizo mahali pake!" Sanga alimshika mkono. "Ni mali ya karakana. Nenda kanunue mpya, hizi zibaki."

Kaloki akamtazama, akazirudisha, akakaza boliti. "Ufunguo ninao mimi," alisema, akaondoka.

Mishi alibaki akikunja kitambaa chake. "Nina watoto watatu," aliniambia. "Nikikataa watakula nini? Nikikubali, nitawalisha kwa mkono upi?"

Asubuhi yake nilifika saa moja. Kufuli ilikuwa chini, imekatwa kwa msumeno. Kompresa ilinguruma. Sanga alikuwa mbele ya presi, mikono ya shati imekunjwa, na Mishi kando yake amefunga leso kiunoni.

"Anza wewe bosi," Mishi alikuwa akimwambia. "Ukitoa makarai kumi, na mimi nitasimama. Wallahi nitasimama."

"Tazama basi, mwoga wewe." Akatandika bati, akabonyeza vitufe. Kichwa kikashuka, kikapanda, kikasimama juu. Sanga akatugeukia akitabasamu, akanyoosha mkono kulitoa karai.

Kichwa kikaanza kuteleza, polepole, bila kelele. Mishi akamdaka Sanga mshipi wa suruali kwa mikono miwili, akamvuta. Waliangukia sakafuni pamoja. Kichwa kikaporomoka, kikalipiga lile karai mpaka likapasuka pembeni.

Mishi ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda kuifunga hewa. Sanga alibaki ameketi chini, akivikunja na kuvikunjua vidole vyake kumi.

"Mzee Kaloki," aliuliza, "alisema atafika saa ngapi?"