Komamanga Kifuani mwa Dada

Dada yangu mkubwa anafundisha wasichana kaswida katika madrasa ya mtaa wetu, Majengo. Anaweza kuubeba ubeti mzima bila kukata pumzi. Ukimsikiliza kutoka nje, umesimama kwa muuza mahamri, huwezi kujua kwamba ana pumu tangu utotoni.

Ana inhela mbili za kuvuta dawa. Ya buluu ni ya kumwokoa kifua kikibana, nayo haikosi mkobani. Ya kahawia ni ya kinga, asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima. Ramadhani ya mwaka jana aliifungia ya kahawia kabatini, kwenye kopo la hina, kwa sababu dozi ya asubuhi ingeangukia saa za kufunga. Hakumuuliza daktari wala shehe. Ya jioni aliiacha pia.

"Dawa nusu ni ya nini?" aliniambia.

Mwezi mzima hakukohoa. Alikoroga uji wa futari juu ya jiko la makaa, vumbi la barabara iliyokuwa ikichimbwa likatuingilia hadi sebuleni, na kifua chake kikatulia. Mama akasema saumu imemponya. Nami niliamini, maana nilitaka kuamini.

Siku ya Idi mwanafunzi wake mdogo kuliko wote alimkumbatia, pua inachuruzika. Mafua ya kawaida, yale ambayo mimi huyamaliza kwa tangawizi. Siku ya tatu dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akishindwa kulimaliza neno "maji". Ya buluu haikutosha. Tulimkimbiza hospitali, wakachukua makohozi yake kwenye kikopo, wakamvisha kinyago cha mvuke wa dawa, nami nikayatazama mabega yake yakipanda na kushuka mpaka jioni.

Alipopata sauti hakuuliza kama atapona.

"Daktari, mwakani nitafunga?"

"Kwanza tuone hayo makohozi yanasema nini," daktari akajibu. "Rudi Alhamisi."

Alhamisi tulifika mapema mno. Kijana wa maabara, mzaliwa wa Dandora, alituona tukichungulia mlangoni.

"Mnataka kuona? Makohozi yenyewe nimeshayatia rangi," akasema, akasogeza kiti.

Dada akainama kwenye hadubini. Kisha akanipisha.

Sijui nilitarajia nini. Uchafu, labda. Niliona duara la mwanga, na ndani yake seli tele, kila moja imejaa punje nyekundu zilizobanana na kung'aa kama komamanga lililopasuliwa. Katikati ya kila moja kulikuwa na kiini cha zambarau chenye pande mbili. Vitu hivi viliishi ndani ya dada yangu alipokuwa anakuna nazi, alipokuwa akiwafunga wasichana mitandio.

"Ndio ugonjwa wenyewe huu?" nikauliza.

"Ugonjwa wapi? Hao ni askari wake mwenyewe. Ni vile tu wamekuwa wengi. Ile dawa ya kahawia ndiyo huwapunguza. Ukiiacha wanajazana polepole, na husikii kitu. Halafu virusi vya mafua vinaingia." Akamgeukia dada. "Siz, ushaona mwizi wa simu akikimbizwa mtaani?"

"Mara nyingi."

"Mwizi ni mmoja. Wasee wanatoka na rungu mtaa mzima. Jioni mwizi amehepa, na kibanda kilichovunjika ni cha mama mboga."

Dada akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Idi, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Na kibanda ni kifua changu."

"Ndio hivyo. Punje nyekundu ndizo rungu. Zikimwagika, ukuta wa njia ya hewa unachubuka, unavimba, ute unajaa. Tena kwa kifua kama hiki, seli za huo ukuta, zinazotakiwa kukizuia kirusi mapema, mara nyingi huchelewa." Akakuna kichwa. "Kwa nini zinachelewa, hata walionifundisha bado wanabishana."

Tangu utotoni tulimwita mwenye kifua dhaifu. Ndoo zake za maji nilizibeba mimi. Sasa nilikuwa nimeinamia kipande cha kioo, naangalia nguvu iliyopita haja. Na mwezi ule tuliousifu kwa utulivu wake ndipo seli hizo zilipokuwa zikikusanyika, moja baada ya moja, huku sisi tukila tende na kushukuru.

Siku hiyohiyo daktari alimjibu swali lake la kufunga. Kifua kikitulia, anaweza kujaribu kufunga, mradi ya kahawia isilale kabatini: aivute wakati wa futari, aivute tena wakati wa daku. Na kifua kikibana mchana, atumie ya buluu papo hapo, asingoje jua lizame.

"Ni hivyo tu?" dada akauliza.

"Ni hivyo tu. Ungeuliza."

Mwaka huu, jioni ya kwanza ya Ramadhani, alikula tende, akanywa maji, akavuta ya kahawia. Akaizuia pumzi. Mama akasimamisha upawa hewani, nami nikajikuta nimeizuia yangu. Alipoitoa akaenda kusukutua kinywa, akarudi akaomba uji.

Katikati ya mwezi yule mwanafunzi mdogo alikuja tena na pua yake. Dada alipiga chafya siku nne. Siku ya tano nilisimama nje ya madrasa, kwa muuza mahamri aliyekuwa akiandaa ya futari, nikasikiliza. Ubeti ulikatika mara moja, kwa chafya. Wasichana wakacheka, naye akauanza upya.