Muuza Magodoro Asiyemwamsha Mteja

Saa nne na robo asubuhi. Mwanamume aliyevaa suti ya kijivu amesimama mbele ya godoro la tano kwa sita, analibonyeza kwa kidole kimoja kama anayepima joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Mkewe yuko hatua mbili nyuma yake, mkoba ameukumbatia, macho kwenye kioo kikubwa cha duka ambacho nje yake watu wanapita na hamsini zao.

"Limenifaa," anasema mwanamume. "Tufungieni."

"Hujalilalia, kaka," anajibu mwanamke mfupi mwenye koti jeupe.

"Hapa? Mbele za watu wote hawa?"

"Kwani nyumbani utalilalia au utalitazama?"

Mke anaangua kicheko, na kicheko hicho kinamaliza ubishi. Dakika moja baadaye wote wawili wako chali, wamekakamaa kana kwamba wanapigwa picha ya pasipoti. Mwanamke wa koti jeupe anawavua viatu, anavipanga jozi kwa jozi kando ya kitanda, anarudi nyuma hatua tatu na kutazama saa ya ukutani. Kisha anafanya jambo ambalo wauzaji wengi hawaliwezi hata kwa kulipwa. Ananyamaza.

Dakika kumi nzima hasemi neno. Hataji bei, hataji ofa, hataji idadi ya springi. Dakika ya saba mwanamume anaanza kukoroma. Dakika ya kumi mkewe, bila kufungua macho, anasema kwa sauti ya chini, "Dada, tuandikie risiti. Ila usimwamshe kwanza."

Kwenye beji ya mwanamke huyu pameandikwa Mshauri wa Mauzo, lakini dukani hakuna anayemwita hivyo. Wanamwita Nesi, kwa sababu ya koti lake na kwa jinsi anavyonyata katikati ya vitanda vyenye watu. Ana miaka thelathini na minane. Amefanya kazi katika duka hili la fanicha kwa miaka minne, na katika miaka hiyo amesaini mikataba kumi na sita, kila mmoja wa miezi mitatu.

Mshahara wake wa mwezi haufiki bei ya godoro moja la springi la inchi kumi. Kinachomsaidia ni kamisheni ya asilimia mbili kwa kila godoro analouza. Nyumbani wako watano: yeye, mumewe ambaye ni fundi rangi na kazi zake huja kwa msimu, watoto wawili, na mama yake mzazi ambaye mpaka leo hajakubali kwamba hii ni kazi.

"Wenzake wanauza vitu vinavyoeleweka," analalamika mama huyo, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa vyumba vyao viwili. "Wa kwangu analaza watu wazima mchana kweupe. Nikiulizwa binti yako anafanya nini, nasema yuko ofisini."

Ukimya huo Nesi hakuupata kwa busara. Aliupata kwa mafua. Mwezi wake wa kwanza kazini alikuwa anaongea kama wenzake, na alikuwa ameuza magodoro mawili tu. Halafu sauti ikamkauka. Kwa siku tatu akawa anawaonyesha wateja kitanda kwa mkono na kusimama pembeni akipenga kamasi. Siku ya tatu alipopiga hesabu, alikuwa ameuza kumi na moja.

"Nikajua tatizo lilikuwa mimi," anasema na kucheka hadi koti linatikisika. "Mtu akilala dukani, mdomo wake unadanganya. Anakwambia safi, zuri sana. Lakini mabega yako huku juu, karibu na masikio. Mimi natazama mabega. Yakishuka, hilo ndilo godoro lake. Yasiposhuka namhamisha, hata kama analalamika. Sasa mabega yatashukaje na mimi nampigia kelele?"

Mwandishi wa makala haya aliomba kuonyeshwa. Itoshe kusema kwamba kalamu yake ilikutwa sakafuni na daftari chini ya kitanda cha jirani.

Mambo yalianza kuharibika mwezi uliopita, pale makao makuu yalipotuma waraka. Waraka ulisema kwamba ndani ya mwezi ule kila tawi litatembelewa na mteja wa siri, mtu wa ofisi atakayejifanya mnunuzi wa kawaida na kujaza fomu yenye maswali ishirini na manne. Muuzaji atakayepata chini ya alama themanini kwa mia hatapewa mkataba mpya. Mkataba wa kumi na sita wa Nesi ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huohuo.

Meneja aliwasomea mfano wa maswali. Swali la tisa liliuliza kama muuzaji aliwahi kumwacha mteja kimya kwa zaidi ya dakika moja. Yafuatayo yote, mpaka la ishirini, yalihusu mambo ya kumwambia mteja akiwa bado amelala.

"Nilijua unga umemwagika," anasema. "Nikaenda nyumbani, nikamwambia mume wangu, kuanzia kesho naongea."

Mwalimu wake alikuwa mwenzake wa upande wa sofa, kijana anayeitwa Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Redio alimwandikia maneno kwenye karatasi, naye akayakariri akiosha vyombo. Kesho yake mzee mmoja alipolala tu kwenye godoro la sponji, Nesi akamwinamia na kuanza: uzito wa sponji, miaka ya waranti, ofa ya mito miwili. Mzee akafumbua macho, akamtazama, akauliza, "Binti, mimi nina deni kwenu?" Akavaa viatu akaondoka.

Wiki mbili alijikaza hivyo hivyo. Kabla ya hapo alizoea kuuza saba kwa wiki. Katika wiki hizo mbili aliuza matatu yote pamoja, na moja kati ya hayo alilinunua shemeji yake kwa huruma.

Wakati huohuo duka zima lilikuwa limeingiwa wazimu. Kila aliyeingia alishukiwa. Siku moja alikuja mtu mwenye tai na daftari, akakaa kwenye sofa akiandika. Redio alimkonyeza meneja, na baada ya hapo mtu yule akaletewa maji, akaletewa feni, akaelezwa historia ya mbao za mguu mmoja mmoja wa sofa. Alikaa saa moja na nusu. Mkewe alipotoka saluni ya mlango wa pili, akafunga daftari, akashukuru kwa maji na kwenda zake.

Mteja wa siri wa kweli alikuja Alhamisi, saa nane mchana, wakati ambapo hata nzi wamechoka. Alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa na viatu vilivyombana. Alisema anatafuta godoro la kumsaidia mgongo. Hakuna aliyemshuku kwa sababu, kwa maneno ya Redio, "hakuwa na sura ya ofisi, alikuwa na sura ya usingizi."

Nesi alimlaza, akafungua mdomo kuanza yale ya karatasi. Hapo akaona mabega. "Yalikuwa juu kuliko mabega yoyote niliyowahi kuyaona. Nikasema moyoni, huyu mama ana mwaka mzima hajapumzika. Kisha nikayaona yanashuka. Taratibu. Moja, halafu jingine. Jamani, maneno yakaniishia."

Akafunga mdomo. Mama akalala, na si usingizi wa dakika kumi. Alilala saa moja na dakika hamsini, akikoroma mpaka watu wa njiani wakasimama kwenye kioo. Redio alizima simu yake kwa hiari, jambo ambalo halijajirudia.

Meneja alishuka ngazi mbio. "Nesi! Mwamshe huyo! Hapa ni duka, si wodi!"

"Bosi, shusha sauti," Nesi alimjibu. "Godoro letu limemlaza, halafu sisi wenyewe tumwamshe? Sasa tunauza nini?"

Meneja akapanda ngazi kwa ncha za vidole.

Mama alipozinduka na kuona saa, alishtuka, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, akatoka bila kuaga. Nesi alipokuwa ananyoosha shuka akakuta karatasi chini ya mto. Ilikuwa fomu. Ilikuwa na jina la Nesi juu, na imejazwa mpaka swali la nne tu.

Meneja akajifuta jasho. Redio ndiye aliyesema kwanza. "Dada, huu ni muujiza. Fomu iko mkononi, kalamu ninayo. Tunajaza ndiyo, ndiyo, la tisa hapana, tunaipeleka makao makuu. Nani atabisha? Yule mama atasema nini, kwamba alilala kazini?"

Meneja aligeuka akawa anasoma tangazo la ukutani ambalo alilibandika yeye mwenyewe.

Nesi anasema hakukataa mara moja, na asiyeamini amuulize Redio. Aliishika kalamu. Alifikiria watoto, alifikiria mama yake. "Halafu nikakumbuka nilivyomvua viatu. Mtu umemvua viatu kwa mkono wako mwenyewe, utamchezea rafu namna gani?" Akamrudishia Redio kalamu yake.

Nusu saa baadaye mama yule alirudi, macho chini. "Nimesahau karatasi yangu. Kuna aliyeisoma?"

"Tumeisoma sote, mama," Nesi akamwambia, akamkabidhi. "Ila hakuna aliyeandika kitu."

Matokeo yalitoka wiki iliyofuata: alama kumi na saba kwa mia. Yaliambatana na barua iliyomtaka Nesi ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, ni kwa nini mteja alilala.

Redio alimwandalia kurasa mbili zilizoanza kwa heshima na taadhima. Nesi alizisoma, akazikunja, akaandika yake: "Mteja alilala kwa sababu alikuwa amechoka na godoro ni zuri. Sikumwamsha kwa sababu kazi yangu ni kuuza magodoro." Akatia saini, akarudi nyumbani kumweleza mumewe kwamba huenda ikabidi atafute kuta nyingi zaidi za kupaka rangi.

Asichokijua wakati huo ni kwamba meneja, yule aliyekuwa anasoma tangazo, aliambatanisha ukurasa wa mauzo: wiki za kimya, magodoro saba saba, wiki za maneno, matatu kwa wiki mbili. Na mama wa fomu naye, mahali pa maoni mengine, alikuwa ameandika sentensi moja: "Maswali ishirini sikuyajibu kwa sababu nililala, na godoro kama hilo nimelinunua tawi jingine kwa pesa yangu."

Jumatatu iliyopita meneja alishuka na bahasha. Ndani mlikuwa na mkataba wa kumi na saba, na huu hauna tarehe ya mwisho. Nesi aliusoma amesimama, akausoma amekaa, kisha akajificha nyuma ya rafu ya mito akalia kwa furaha bila kujizuia. "Mto mmoja ulikuwa hauna plastiki," anasema. "Nimeulowesha, ikabidi niununue."

Swali la tisa limefutwa kwenye fomu. Na mwezi ujao Nesi atazunguka matawi tisa kuwafundisha wauzaji wenzake, kwa muda wa saa mbili kila tawi. Kazi hiyo inamtisha kuliko kufukuzwa, kwa sababu hajawahi kuongea mbele ya watu hata robo saa.

Lakini mpango anao tayari. "Nitaongea dakika tano," anasema akipangusa vumbi kwenye ubao wa kitanda. "Zinazobaki nitawalaza wote. Atakayeamka wa kwanza, huyo ndiye ataniuliza maswali."