Ubeti Niliouongeza

Mwanangu, nakumbuka siku ya mazishi ya Bi Mei, na hadi leo nikipita mbele ya ukumbi ule alimoagwa, hapa ugenini Woolwich, hutazama upande wa pili wa barabara.

Bi Mei na mumewe, Mzee Lin, walikuwa jirani zangu mlango kwa mlango katika fleti za kaunsili, nyumba za kupanga za halmashauri ya mji. Nilipofika kutoka Mombasa, kijana asiye na koti la maana, Bi Mei ndiye aliyenipikia uji wa mchele nilipougua. Alipofariki, Mzee Lin aliniomba nisome shairi alilomtungia mkewe kwa mtindo wa kale wa kwao Uchina. Yeye sauti ilikuwa haitoki. Alilitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, mistari minne tu: mwanzi umeinama kwa uzito wa theluji; jua linatoka; theluji inaanguka, mwanzi unainuka; na bondeni hakuna mtu.

Nikaona halijakwisha. Nimekulia kwenye mashairi, na kwetu mtunzi hafungi bila kutoa mafunzo na kutaja jina lake. Basi nikaongeza ubeti, bila kumuuliza. Nikaeleza kwamba mwanzi ni Bi Mei, theluji ni maradhi, bonde ni dunia. Kisha, Mungu anisamehe, nikamalizia kwa jina langu.

Watu walilia. Tulipotoka nje, rafiki yangu Salim akanipiga bega. "Umewamaliza, bwana! Hata Wazungu wametoa leso. Nikifa mimi uje unisomee, lakini jina lako liache nyumbani."

Nilicheka. Kugeuka, namwona Mzee Lin amesimama nyuma yetu.

"Kijana," akasema, bila kupandisha sauti, "mwanzi si mke wangu. Mwanzi ni mimi. Tangu augue nimekuwa nikijaribu kuukung'uta uzito huu, na hautoki. Washairi wetu wa kale walitufundisha kungoja. Theluji huanguka yenyewe. Na wao wakishakuonyesha mlima au mwanzi, hujiondoa, ili msikilizaji apate pa kukaa."

"Nisamehe, Mzee. Nilidhani pale mwisho ni patupu."

"Pale nilimwachia Mei. Nilitaka nikae naye kimya kidogo, mara ya mwisho. Ukaingia wewe."

Hakunikemea zaidi. Kesho yake alinisalimu kama kawaida, na hilo ndilo lililoniumiza, maana mazishi hayarudiwi. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu nafasi ya kumuaga mkewe, kisha nikasimama nje nikipokea sifa.

Mwanangu, mtu akikuonyesha mlima wake, utazame pamoja naye. Usikimbilie kumwambia maana yake. Huenda anaijua kukushinda, na ndiyo sababu amenyamaza. Akikupa mistari minne, soma minne, ukae.

Mungu akujaalie moyo wenye nafasi ya mwenzio. Na siku utakapofiwa, akupe jirani anayejua kuketi kando yako bila kusema neno.