Mwanamke Aliyeniambia Nikalale

Nilisomea ualimu, na chuoni tulifundishwa kudai ushahidi kabla ya kuamini. Kwa hili sina ushahidi ila macho yangu na mama yangu, ambaye hapendi kulizungumzia. Hata hivyo lilitukia, hapa Kayole, kwenye ghorofa ya tatu, kabla hata giza halijakolea. Ukitaka kucheka, cheka. Nimechoka mno kubishana.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja, kisha kifua kikaanza kumbana. Hospitali ilituruhusu kurudi nyumbani, nami nikawa wa kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko, na kumsikiliza anavyopumua hadi kunakucha. Kila Alhamisi akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja kumwombea. Kiongozi wao, Mama Ayubu, aliniangalia siku moja akasema, "We mtoto, umekonda kumshinda mgonjwa! Sasa tumwombee nani?" Tukacheka sote, hata Mama, kwa upande mmoja wa mdomo.

Alhamisi ninayoisimulia, Mama Ayubu alinipigia simu. Walikuwa Njiru, matangani, na mvua ilikuwa imewafungia huko. "Lakini hatuwezi kuwaacha hivyo," akasema. Kwetu maneno hayo humaanisha kwamba mtu atatumwa. Kwa hiyo jioni, stima zikiwa zimepotea na taa zimezimika, niliposikia hodi sikuuliza ni nani. Mwanamke aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, kama wafanyavyo akina mama wetu, huulizwa atokako? Hukaribishwa tu. Akaingia, nikafunga komeo.

Nilimmiminia chai, nikamwomba aibariki, maana kwetu mgeni ndiye huombea chai. Akatabasamu. "Omba wewe, mwanangu." Nikafumba macho, nikaomba kwa ufupi. Nilipoyafumbua, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Mama, na niamini, kitanda kile cha vyuma hulia hata paka akikirukia. Hakikulia. Ndipo nilipoona kwamba kitambaa chake kilikuwa kikavu kabisa. Mtu hutokaje kwenye mvua ile akiwa mkavu?

"Umechoka," akasema.

Hakuna aliyekuwa ameniambia neno hilo kwa upole kiasi kile. Nililia.

"Nenda ukalale. Mimi nitakaa naye. Mwachie Mungu."

Maneno hayo nami nimewaambia wengine mara nyingi. Miguu yangu ilikuwa tayari imeelekea kwenye godoro langu nyuma ya pazia, nilipousikia mpumuo wa Mama ukibadilika. Mkono wa mgeni ulikuwa umetua kifuani pake, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Nikarudi, nikamshika Mama mkono, ule mzima.

"Mwachie," akarudia. "Yeye pia amechoka. Au huna imani?"

Swali lile liliniuma. Nilikuwa nimeomba kwa majuma mengi pasipo kupata jibu. Ningejitetea kwa lipi? Nikasema, si kwake: "Bwana, mimi nimechoka, wewe hujachoka. Nishike ninavyomshika." Nikayarudia maneno hayo mpaka koo likakauka. Kisha vidole vya Mama vikakaza vyangu, naye, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito tangu augue, akatamka waziwazi:

"Toka kwangu."

Mwanamke akasimama bila hasira. "Basi," akasema. "Mgonjwa si mmoja katika jumba hili." Sikumwona akifungua mlango. Komeo lilikuwa vilevile nilivyolifunga.

Asubuhi tulisikia kilio ghorofa ya chini. Jirani yetu Nekesa alikuwa amefiwa na baba yake, ambaye alikuwa akimuuguza peke yake. Nekesa akatuambia tuliofika kumfariji, "Angalau jana mama mmoja wa kanisa alikuja kunipokea zamu. Nililala kwa mara ya kwanza tangu Baba augue."

Mama Ayubu, aliyekuwa amefika na akina mama wa jumuiya, akawageukia wenzake. "Nani kati yenu?"

Wote walikuwa wamelala Njiru.

Leo Mama hutembea kwa mkongojo na kulalamika kwamba uji wangu hauna ladha. Nekesa amehama. Sikumwambia kitu, na sidhani nitamwambia. Kwa nini sisi tulilindwa? Sikuwa na imani kumshinda. Yeye alifanya tu kile ambacho mwili uliochoka hufanya. Namwamini Mungu kuliko zamani, lakini swali hilo huniamsha usiku, na mtu akiniambia kwa upole nikapumzike, moyo hunipiga.

Wewe unayeuguza, usione haya kuchoka, wala usikubali kuambiwa kwamba imani ni kuuachia mkono uliokuwa umeushika. Nawe usiyeuguza, ambaye unajua kwamba ng'ambo ya ukuta wako kuna mtu hajalala siku nyingi, usimwambie kwamba utamkumbuka katika maombi. Nenda ukampokee leo. Nenda wewe, kabla hajaenda yule.